Kaktasi na Sakulenti Zako Zina Kiu au Zimelewa Maji? Mwongozo Kamili kwa Hali ya Dodoma

Watu wengi wanaohamia Dodoma hununua kaktasi na sakulenti nyingine, yaani mimea minene inayojiwekea akiba ya maji, kwa hoja moja: mji huu ni mkavu, mmea wa jangwani utajitunza wenyewe. Hoja hiyo inafaa kwa mmea ulioko ardhini tu. Mnyaa wa uzio kule Nzuguni au Chamwino hukaa tangu Mei hadi Novemba bila mvua ya maana na bado ni kijani, kwa kuwa mizizi yake imetambaa mbali kutafuta unyevu. Chukua mnyaa huohuo uutie kwenye kopo la rangi la lita nne: mizizi haina pa kwenda, na upepo wa kiangazi unalikausha kopo pande zote. Hapo mvua yake ni wewe.

Upande wa pili wapo wanaoiua mimea hii kwa huruma. Oktoba jua limewaka, jani limesinyaa, mtu anamwaga maji. Kesho yake limesinyaa zaidi, anaongeza. Baada ya wiki mbili shina limekuwa rojorojo. Jani lililosinyaa linakwambia jambo moja tu, kwamba maji hayalifikii. Halikwambii sababu. Huenda udongo umekauka. Huenda pia mizizi imeoza kwa maji mengi na haiwezi tena kunyonya chochote. Kwa macho, hali hizi mbili hufanana kiasi cha kumdanganya hata mwenye uzoefu. Kwa hiyo kanuni ya kufuata tangu mwanzo hadi mwisho ni hii: usihukumu jani kabla hujachunguza udongo, wala udongo kabla hujachunguza jani.

Kabla ya yote: ghala la maji liko wapi?

Kila mmea wa aina hii una sehemu unakoweka akiba ya maji, na kiu huonekana hapo kwanza. Aloevera, echeveria, haworthia, kalanchoe na krasula, ile ambayo wauzaji wengi huiita jade, huweka akiba kwenye majani. Kaktasi na mnyaa huweka kwenye shina. Adenium, lile waridi la jangwani lenye maua ya pinki, huweka kwenye kitako kilichovimba juu ya udongo, kama mbuyu unavyofanya kwenye shina lake. Sansevieria huweka kwenye majani na pia kwenye shina nene linalotambaa chini ya udongo, ndiyo maana huchelewa sana kulalamika.

Si kila chenye miiba ni kaktasi. Kaktasi karibu zote asili yake ni bara la Amerika, na utazitambua kwa vidoa vidogo vyenye manyoya ambamo miiba huchomoza. Mimea mingi mirefu yenye pembe na miiba inayoota yenyewe kwenye vilima vya huku ni ndugu wa mnyaa. Ikikwaruzwa hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo ukiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo unapoubonyeza mmea kupima kiu usiutoboe ngozi, na nawa mikono ukimaliza.

Jambo moja zaidi: kaktasi ya Krismasi, ile yenye mashina bapa yaliyoungana vipande vipande, haitoki jangwani. Kwao ni misitu yenye unyevu ya Brazil, huota juu ya matawi ya miti. Ukiitendea kama kaktasi nyingine, kipupwe cha Dodoma kitaimaliza.

Hatua ya 1: Angalia asubuhi, na ondoa vumbi kwanza

Mingi ya mimea hii hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, wakati hewa imepoa, na kuvifunga mchana ili isipoteze maji. Hata hivyo, saa nane mchana jua la Novemba likipiga ukuta wa tofali na kurudi kwenye chungu, majani laini yanaweza kulegea kwa joto tu. Ukiyapima wakati huo utamwagilia bila sababu. Pima saa moja asubuhi. Jani lililolegea mchana na kukaza tena alfajiri halina kiu; labda linahitaji kusogezwa mbali na ukuta huo.

Kisha kuna vumbi. Kuanzia Julai upepo huleta vumbi jekundu linalofunika kila kitu, na kaktasi yenye vumbi huonekana imefifia rangi hata ikiwa imeshiba. Tumia brashi laini ya rangi kulifagia. Kwa echeveria kuwa mpole: ule unga mweupe juu ya majani si uchafu, ni nta inayolikinga jani na jua. Ukiusugua haurudi kwenye jani hilo.

Hatua ya 2: Pima udongo hadi chini, si juu

Uso wa udongo ni mwongo mkubwa katika mji huu. Upepo huukausha ndani ya siku moja, huku sentimita tano chini bado kuna unyevu wa kutosha wiki nzima. Kidole hakifiki mbali, na kwenye chungu cha kaktasi hakuna anayetaka kuingiza kidole. Tumia kijiti cha mishikaki. Kiingize taratibu karibu na ukingo wa chungu mpaka kiguse chini, kiache dakika chache, kisha kichomoe. Kikitoka kimebadilika rangi au kimeganda udongo, acha. Kikitoka kikavu na safi mpaka nchani, udongo umekauka kweli.

Njia ya pili, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote, ni uzito. Mara tu baada ya kumwagilia na maji kuisha kutiririka, nyanyua chungu usikie uzito wake. Kinyanyue tena siku zinazofuata. Baada ya mizunguko michache mkono wako utajua tofauti bila kijiti. Kwa vyungu vya saruji visivyonyanyulika, rudi kwenye kijiti, au chungulia tundu la chini: udongo wa pale ukiwa baridi na wenye rangi iliyokolea, bado kuna maji.

Kama chungu hakina tundu, toboa leo. Hakuna kipimo kitakachokusaidia ikiwa maji yamekaa chini yakivunda.

Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, unahitaji onyo la peke yake. Ukikauka hujikaza na kujitenga na kuta za chungu, ukaacha ufa mwembamba pembeni. Ukimwaga maji yanapita kwenye ufa huo na kutokea chini mara moja, nawe unaridhika kwamba umemwagilia, kumbe kitovu cha udongo hakijapata tone. Dalili yake ni maji kutoka haraka mno na chungu kubaki chepesi. Dawa ya haraka ni kukikalisha chungu kwenye beseni lenye maji kina cha vidole vitatu kwa nusu saa, udongo unyonye kutoka chini. Dawa ya kudumu ni kubadili udongo: sehemu moja ya udongo mwekundu wa kawaida, moja ya mchanga wa korongoni wenye chembe kubwa, na moja ya kokoto ndogo au matofali ya kuchoma yaliyopondwa. Samadi iliyooza vizuri, kiasi cha konzi moja kwa chungu cha kati, inatosha.

Hatua ya 3: Soma mmea wenyewe

Hapa usifanye haraka, kwa sababu kila jamii ina namna yake ya kusema.

Echeveria, ile yenye majani yaliyojipanga kama ua, huanza na majani ya chini kabisa. Mmea huyanyonya yale makuukuu ili kulisha machanga, kwa hiyo jani moja au mawili ya chini yaliyokauka kama karatasi ni uzee wa kawaida, si kiu. Kiu ni pale majani ya katikati yanapopata mikunjo midogo, yanapobonyea ukiyashika, na ua zima la majani linapojifunga kuelekea juu. Jani lenye kiu likibonyezwa hunesa lakini halipasuki. Jani lililolewa maji hubadilika kuwa la njano lenye kupitisha mwanga, limejaa maji, na huanguka ukiligusa tu.

Krasula ni rahisi kuisoma: chukua jani nene la katikati ulikunje kidogo kati ya vidole viwili. Lililoshiba hukataa kukunjika. Lenye kiu hukubali, na ngozi yake huwa na mikunjo. Kaktasi ya Krismasi pia hupimwa hivi, ila hiyo usisubiri mikunjo. Mwagilia sentimita mbili za juu za udongo zikikauka.

Aloevera ikikosa maji majani yake huwa membamba na kujikunja kwa ndani, yakafanya mfereji mrefu katikati. Wengi huangalia rangi, na rangi hudanganya. Aloe iliyopigwa na jua kali hugeuka nyekundu au kahawia hata udongo ukiwa na maji, na ikihamishwa kivulini hurudi kijani polepole. Angalia unene wa jani, si rangi yake.

Haworthia ni ya kivulini, na ikiwa na kiu hujivuta ndani na ncha za majani hunywea. Kwenye kibaraza kisichopigwa na jua la moja kwa moja hukaa muda mrefu bila shida.

Sansevieria inapofikia kuonyesha kiu, imekaa kavu muda mrefu sana. Utaona mistari ya mikunjo inayoshuka kwa urefu wa jani, na jani kujikunja pande mbili kuelekea katikati. Ukiona jani limelegea kwenye shina na kuanguka zima, hasa likiwa na harufu, hiyo si kiu kabisa.

Kaktasi za mviringo na zile ndefu zina mbavu, na mbavu hizo kazi yake ni hii hasa: shina likijaa maji hufunguka, likipungukiwa hujikunja. Kiu huonekana kwa mabonde ya kati ya mbavu kuzama zaidi, ngozi kupoteza mng'ao, na kaktasi ya mviringo kudidimia kidogo kwenye udongo. Ndefu nyembamba huweza hata kuinama. Bonyeza kwa upande wa kijiko kama miiba inatisha. Ikinesa sawasawa pande zote, ni kiu. Ikiwa laini upande mmoja tu, au chini tu kwenye usawa wa udongo, simama hapo hapo, huo ni uozo. Dungusi kakati, ile ya vibapa, husema wazi zaidi: vibapa huwa vyembamba na kukunjamana.

Adenium hupimwa kitako. Kigumu kama kiazi kibichi, kimeshiba. Kikibonyea kidogo kote, kinahitaji maji. Usiangalie majani, kwani adenium huyaangusha kwa sababu nyingi, ikiwemo baridi ya Juni.

Hatua ya 4: Unganisha majibu mawili

Udongo umekauka mpaka chini, mmea mgumu: subiri. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Udongo mkavu peke yake si dharura kwa mmea wenye akiba.

Udongo umekauka, mmea umesinyaa: mwagilia leo jioni au kesho asubuhi.

Udongo una unyevu, mmea umesinyaa: usitie hata tone. Ng'oa mmea uangalie mizizi. Mizizi mizima ni myeupe au ya hudhurungi nyepesi na haikatiki kirahisi. Iliyooza ni myeusi, na ukiivuta ganda hubaki mkononi.

Udongo una unyevu, majani yana rangi ya njano ya majimaji: umezidisha. Ukiona mapema, kabla shina halijaguswa, kutoa mmea kwenye udongo ule na kuukausha kivulini kunatosha.

Kuna wadanganyifu watatu ambao hawaingii vizuri katika hali hizi. Jua kali likiunguza huacha mabaka meupe au kahawia upande mmoja tu, ule unaoelekea jua, na mabaka hayo hayaondoki kwa maji. Kaktasi kongwe huota gome la kahawia kuanzia chini kwenda juu. Likiwa gumu ni uzee, wala halina dawa wala shida. Na vidung'ata, wadudu wale wenye utando mweupe, wapo wanaokaa mizizini wakinyonya maji ya mmea usiwaone. Mmea unaoendelea kusinyaa ingawa unamwagilia vizuri na udongo unakauka vizuri, ung'oe uangalie utando mweupe kwenye mizizi. Osha mizizi yote, kausha, badili udongo.

Hatua ya 5: Mwagilia mara moja, kisha subiri jibu

Ukishaamua, mwagilia kwa ukamilifu. Vijiko viwili vya maji kila siku ndiyo njia mbaya kuliko zote: huloanisha juu, mizizi ya chini inakufa kwa ukame, na shina linakaa kwenye unyevu. Mwaga polepole kwenye udongo, si juu ya mmea, mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Sasa jibu. Echeveria na krasula hujaza majani ndani ya siku moja hadi tatu. Kaktasi huchukua hata wiki. Mmea ukikaza tena, ulikuwa na kiu na umejua sasa dalili yake inavyoonekana. Ukibaki vilevile baada ya wiki na chungu bado kizito, tatizo liko kwenye mizizi, na kuongeza maji ni kuuzika.

Mazoea ya huku ya kumwagilia kila kitu siku ambayo maji yametoka bombani yanaeleweka, kila mtu anaogopa kesho hayatatoka. Lakini ratiba ya bomba si ratiba ya kaktasi. Jaza ndoo, weka pembeni, mmea utayapata zamu yake ikifika.

Maji ya chumvi

Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi. Udongo wa chungu ukikauka, chumvi hubaki na kujijenga, ukaiona kama ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kuta za chungu cha udongo. Chumvi ikizidi, mizizi hushindwa kuvuta maji hata yakiwepo, na ncha za majani hukauka kahawia. Mwenye mmea hudhani ni kiu. Kila baada ya miezi michache, pitisha maji mengi ya mvua kwenye chungu mpaka yatiririke kwa muda, yachukue chumvi chini. Kinga maji ya bati mvua za mwanzo zikishaosha vumbi, uyahifadhi kwa kazi hii. Kama unamwagilia kwa beseni kutoka chini, fanya hivi zaidi, kwa sababu njia hiyo hupandisha chumvi juu. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga usiyatumie kabisa.

Misimu inavyobadilisha hesabu

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni milimita 500 hadi 600 hivi, lakini huja kwa vishindo: siku tatu za mafuriko, kisha wiki mbili kavu, hasa mwezi wa pili. Vyungu vilivyo nje vikishapata mvua kubwa usivimwagilie mpaka kijiti kitoke kikavu, na echeveria na haworthia zisogeze chini ya upenu. Kifuku ndicho kinachoua zaidi, si kiangazi.

Juni hadi Agosti usiku hushuka mpaka karibu nyuzi 14, na upepo ni mkali. Hali hii inachanganya: kaktasi na adenium hupunguza kukua na kunywa kidogo, lakini upepo unakausha vyungu vidogo haraka. Adenium iliyoangusha majani ipe maji kidogo tu kitako kikianza kubonyea. Aloe nyingi huchanua kipindi hiki, hivyo usizisahau.

Septemba hadi mvua zianze ni kipindi cha kupima mara nyingi. Kopo dogo la plastiki lililo juani huweza kukauka ndani ya wiki. Chungu kikubwa cha saruji kivulini huenda hata mwezi. Chungu cha udongo wa kuchoma hukauka haraka kuliko cha plastiki cha ukubwa uleule, kwa sababu kuta zake hupitisha unyevu. Ukiwa na mimea mingi, ipange kwa aina ya chungu badala ya uzuri, itakurahisishia upimaji.

Ukikuta umeshaoza

Kata kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, ukipanda juu kidogo kidogo mpaka nyama ya ndani iwe safi bila doa la kahawia hata moja. Doa dogo likibaki, uozo unaendelea. Acha kipande kivulini kidonda kikauke: siku tatu kwa echeveria au krasula, wiki moja hadi mbili kwa kaktasi nene. Kisha kisimamishe juu ya mchanga mkavu.

Kipande hiki kitasinyaa, na kusinyaa kwake hakutibiki kwa maji, kwa maana hakina mizizi ya kunywea. Weka kivulini penye mwanga, usikiloweshe. Baada ya wiki tatu hivi kivute juu taratibu kwa vidole. Kikitoka bila shida, kirudishe na uendelee kusubiri. Kikishikilia, mizizi imeanza, na hapo ndipo unapotia maji ya kwanza.